Fasihi Simulizi: Miviga ya Kumpa Mtoto Jina

Mada hii inahusu Karatasi ya Tatu (102/3), sehemu ya Fasihi Simulizi, ingawa utaona kwamba inagusa pia Matumizi ya Lugha na Isimujamii katika Karatasi ya Pili. Isome ukiwa na kalamu. Kabla hujaendelea, andika jina lako kamili juu ya ukurasa wa daftari, jinsi lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Utalihitaji.

Miviga ni sherehe au shughuli za kitamaduni ambazo jamii hufanya katika vipindi maalum vya maisha ya mtu au vya mwaka. Huwa na mahali na wakati wake, huongozwa na watu waliokubaliwa na jamii, huandamana na utendaji kama nyimbo, maombi, ulaji au unyoaji, na mara nyingi humtoa mtu hatua moja ya maisha na kumwingiza katika nyingine. Hayo umeyasoma tangu kidato cha pili, na watahiniwa wengi huyakumbuka. Ugumu huanza pale swali linapotaja miviga mahususi. Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa miviga ya kutoa jina, huandika: “Huhifadhi utamaduni. Huleta umoja. Huburudisha. Huelimisha.” Majibu hayo si uongo, lakini ukiyahamishia kwenye arusi, jando au mazishi, hayabadiliki hata neno moja. Jibu linaloweza kuhamishwa hivyo halijajibu swali.

Ili ujibu vizuri, shika jambo moja: jina la mtoto ni usemi. Kuna mtu aliyelisema, kuna aliyekusudiwa kulisikia, na kuna siku ambayo lilisemwa. Kwa hiyo kila unapokutana na jina katika kifungu cha mtihani, uliza maswali matatu. Nani alilitoa? Alikuwa akimwambia nani? Siku hiyo kulikuwa na nini? Tutayatumia maswali hayo hadi mwisho wa somo.

Nani hutoa jina?

Katika jamii nyingi mtoaji si mzazi peke yake. Miongoni mwa Waswahili Waislamu, mtoto huadhiniwa sikioni punde anapozaliwa, na siku ya saba hufanyiwa akika. Mbuzi huchinjwa (wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike), nywele hunyolewa, na jina hutangazwa mbele ya jamaa na majirani. Katika swali la umuhimu, zingatia hilo neno “hutangazwa”. Jina lililotangazwa mbele ya watu lina mashahidi, na kuanzia siku hiyo jamii nzima inajua mtoto ni wa nani na yuko chini ya ulinzi wa nani.

Kwa Agikuyu, mpangilio wenyewe ndio unaochagua. Mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba, wa pili jina la nyanya mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ami, wajomba, shangazi na mama wadogo. Ndiyo maana utamsikia mama akimwita mwanawe wa miaka mitatu “baba”. Hamfanyii mzaha. Anamheshimu mzee aliye ndani ya jina. Mpangilio huu unaondoa ugomvi kuhusu chaguo, lakini unaweza kuleta mwingine. Mke asiyejaliwa ila watoto wawili wa kiume, kwa mfano, hatapata kumpa mama yake mzazi jina. Hoja kama hii ni nzuri kwa swali la udhaifu wa miviga, kwa sababu imetoka ndani ya desturi yenyewe. “Hupoteza muda na fedha” ni hoja unayoweza kuisema kuhusu karibu kila sherehe.

Kuna jamii ambazo mtoto mwenyewe huaminiwa kuwa ndiye anayechagua. Miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis, wazee hutaja majina ya wahenga mmoja baada ya mwingine, na mtoto hutiliwa ugoro kidogo puani. Jina linalotajwa anapopiga chafya ndilo linalokuwa lake. Jina hilo la mhenga huitwa kurenet. Kwa Waluo, mtoto anayelia bila kunyamaza huweza kutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, na anaponyamaza hudhaniwa kwamba mhusika amepatikana. Ukiulizwa “miviga huonyesha vipi imani ya jamii?”, hapa una jibu lenye nyama: jamii inaamini kwamba waliokufa hawajaondoka kabisa, na kwamba wana haki ya kuitwa tena.

Siku hiyo kulikuwa na nini?

Majina ya wakati na hali ndiyo rahisi zaidi kukumbuka, na kwa hiyo ndiyo yanayowaponza watahiniwa zaidi. Kwa Waluo, Otieno na Atieno ni wa usiku, Okinyi na Akinyi wa asubuhi, Ochieng na Achieng wa jua kali, Odhiambo na Adhiambo wa jioni, Okoth na Akoth wa mvua. Sauti ya kwanza hutofautisha mvulana na msichana. Wakalenjin hutumia Kip- na Che- au Chep-: Kipkoech na Chepkoech huzaliwa alfajiri, Kiprop na Cherop mvua ikinyesha, Kipruto na Cheruto safarini. Kipchoge ni aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Wabukusu hufuata msimu: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanjala na Nanjala wa njaa. Wambua wa Wakamba naye ni wa mvua. Nje ya Kenya, Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 mvua ikinyesha, alipewa jina Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Julius ni la ubatizo na lilikuja baadaye, mwaka 1943, alipokuwa mtu mzima.

Sasa tahadhari. Mtahiniwa akisoma kifungu chenye mhusika aitwaye Otieno, huandika haraka: “Otieno alizaliwa usiku.” Pengine hakuzaliwa usiku. Pengine babu yake ndiye aliyezaliwa usiku, naye akarithi jina saa saba mchana. Majina ya hali hugeuka kuwa majina ya kurithi kizazi kinapopita. Kuna Nanjala wengi waliozaliwa ghala likiwa limejaa. Kwa hiyo usidai kitu ambacho kifungu hakijakisema. Andika “jina hili katika asili yake huashiria…”, na utakuwa salama. Ukiweza kuongeza kwamba jina lililoanza kama habari ya siku moja limegeuka kuwa kumbukumbu ya mtu, umeonyesha uelewa ambao wenzako wengi hawataonyesha.

Jina linamwambia nani?

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo tutakaa zaidi. Watu hudhani kwamba jina la mtoto linamhusu mtoto. Mara nyingi halimhusu. Fikiria majina ya Kiswahili kama Tabu, Shida, Mashaka, Sikudhani, Sijaona, Semeni na Siwatu. Yote haya ni majina halisi ya watu wa pwani na bara. Hakuna kichanga kilichofanya lolote kustahili kuitwa Mashaka. Mwenye mashaka ni mzazi, na anawaambia watu wengine. Jina linafanya kazi kama maneno ya kanga: mvaaji hasemi lolote, lakini aliyekusudiwa anasoma. Tofauti ni kwamba kanga huchakaa ikatupwa.

Soma kifungu kifuatacho, kisha ujibu maswali.

Siku ya saba ilikuwa kesho. Mbuzi alikuwa amekwisha kufungwa nyuma ya jiko, na kinyozi amekwisha kupewa habari. Mavyaa aliketi mkekani akimpakata mjukuu wake.

“Mwanangu,” alianza, “kesho sheikh atauliza jina. Mimi nimeshalipata. Ataitwa Semeni.”

Mkazamwana aliacha kukunja nepi. “Semeni, mama?”

“Semeni. Miaka sita mtaa huu mzima ulikusema. Kisimani walisema, arusini walisema. Wakamwambia mwanangu aoe mwingine. Sasa nataka kila nikimwita mtoto huyu uani wasikie: haya, semeni!”

“Nashukuru, mama. Najua ulikuwa upande wangu hata mwanao alipoanza kuyasikiliza maneno yao. Lakini yule wa nyumba ya pili keshakufa. Wa dukani anahama mwezi ujao. Wote wakishasema wakanyamaza, mtoto atabaki akiitwa Semeni. Wenzake shuleni watamwuliza, tuseme nini? Atawajibu nini?”

“Atawaambia waje waniulize mimi.”

“Na wewe ulipoulizwa, mama? Jina lako?”

Mavyaa alinyamaza. Alimfunika mtoto miguu, ingawa hapakuwa na baridi.

“Siwatu,” alisema mwishowe. “Nilipewa na nyanya yangu. Kulikuwa na ugomvi wa minazi, sijui mingapi. Hao watu wenyewe sikuwahi kuwaona, walikufa kabla sijaota meno. Miaka sitini na mitatu naitikia ugomvi wao.”

“Basi mama, tumtafutie jingine.”

“Tumtafutie,” alisema Mavyaa. “Lakini wale wa kisimani mimi sijawasamehe.”

Istilahi kwanza, maana zinaweza kuulizwa peke yake. Mavyaa ni mama wa mume. Mkazamwana ni mke wa mwana. Usiwaandike “mama mkwe” na “mke wa kijana” ilhali kifungu kimekupa maneno yenyewe.

Swali (a): Tambua miviga inayorejelewa na uthibitishe kwa hoja mbili. (alama 3)

Swali hili ni la kukupa alama, usiliharibu. Ni akika, au miviga ya kumpa mtoto jina. Ithibati: kuna siku maalum, siku ya saba, kuna mbuzi wa kuchinjwa, kuna kinyozi wa kunyoa nywele za mtoto, kuna sheikh wa kuongoza. Umeombwa mbili, toa mbili. Ukitoa nne, hutapata alama za ziada, na muda wako utakuwa umeliwa.

Swali (b): “Jina la mtoto huwa ujumbe kwa watu wengine.” Thibitisha kauli hii kwa kurejelea kifungu. (alama 5)

Hili ndilo swali lenyewe. Jibu dhaifu husema: “Ni kweli, kwa sababu Mavyaa anataka mtoto aitwe Semeni ili majirani wasikie.” Limegusa jambo moja na kusimama. Jibu lenye nguvu hutumia maswali yetu matatu. Mtoaji wa jina Semeni ni Mavyaa, anayesema kwa niaba ya mkazamwana aliyesengenywa. Wapokezi ni majirani waliomsema kisimani na arusini. Hali iliyozaa jina ni miaka sita ya kukosa mtoto na shinikizo kwamba mume aoe mke mwingine. Kisha ongeza ushahidi wa kilugha: kiambishi -ni katika “semeni” kinaonyesha kwamba wanaoamrishwa ni wengi, na kwa hivyo haiwezekani mwenye kuambiwa akawa mtoto, ambaye ni mmoja. Mwisho, rejelea Siwatu: naye alipewa jina lililowalenga watu waliogombea minazi. Hizo ni hoja tano, na zote zimetoka kifunguni.

Swali (c): Eleza kinaya kinachojitokeza katika kifungu. (alama 3)

Kinaya hutokea pale mambo yanapokuwa kinyume cha yanavyotarajiwa. Tungetarajia kwamba aliyeumizwa na jina la ugomvi kwa miaka sitini na mitatu angekuwa wa kwanza kumkinga mjukuu wake. Kinyume chake, yeye ndiye anayelipendekeza jina la ugomvi. Wengi hutaja upande mmoja tu wa kinaya na kupoteza alama: taja kilichotarajiwa, taja kilichotokea, kisha onyesha mgongano.

Swali (d): Kwa kutoa ithibati, eleza sifa mbili za kila mhusika. (alama 8)

Mkazamwana ana heshima: anamwita mkwewe “mama”, anamshukuru kabla ya kumpinga. Ni mwenye busara au mwenye kuona mbali: anafikiria mtoto atakavyoulizwa shuleni. Mavyaa ni mtetezi, kwa kuwa alisimama na mkazamwana hata mwanawe alipoyumba. Ni mwepesi wa kubadilika, anakubali jina jingine litafutwe. Waweza pia kusema ni mwenye kinyongo, kwa sababu hajawasamehe watu wa kisimani. Je, mtu aweza kuwa mwepesi wa kubadilika na mwenye kinyongo kwa wakati mmoja? Bila shaka. Wahusika wazuri huwa hivyo, na mtahini hatakukata alama ukiwa na ithibati. Kosa la kuepuka ni kumwita Mavyaa “katili” kwa sababu tu ni mavyaa. Hizo ni hadithi ulizozisikia kwingine. Kifungu hiki hakisemi hivyo.

Jina, lakabu na majazi

Watahiniwa huchanganya vitu hivi vitatu kwa sababu vyote ni majina. Vitofautishe kwa wakati. Jina la mtoto hutolewa kabla tabia yake haijajulikana. Ni matumaini, kumbukumbu au malalamiko ya watu wengine. Lakabu hutolewa baada ya tabia, umbo au matendo ya mtu kuonekana, iwe ni jina la kupanga analojipa au analopewa na wenzake. Majazi ni jina la mhusika wa kubuni ambalo linaafiki tabia yake, na mwandishi huliteua akijua mwisho wa hadithi. Shaaban Robert alipomwita waziri katika Kusadikika jina la Majivuno, alikuwa tayari anajua atakachomfanyisha. Vivyo hivyo Pauline Kea kwa Majoka katika Kigogo. Mzazi hana uwezo huo. Anayemwita bintiye Subira hajui kama mtoto atakuwa na subira, na huenda akawa mtoto asiyeweza kungoja chai ipoe.

Kwa hiyo, katika fasihi andishi ni halali kueleza tabia ya mhusika kwa jina lake. Katika fasihi simulizi na katika maisha, jina hukueleza zaidi kuhusu aliyelitoa.

Miviga hubadilika

Swali la mabadiliko ya fasihi simulizi huhitaji mifano, na historia ya majina nchini Kenya inayo mingi. Ubatizo ulileta majina ya Ulaya, na kwa muda mrefu ilionekana kwamba huwezi kuwa Mkristo ukiwa na jina la nyumbani pekee. Jaramogi Oginga Odinga, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa Obadiah Adonijah, aliyaacha majina hayo, na wanawe walipofikia kubatizwa akasisitiza wapewe majina ya Kiafrika, jambo lililomtia katika mvutano na viongozi wa kanisa. Riwaya ya A Grain of Wheat ilipotoka mwaka 1967, jaladani paliandikwa James Ngugi. Petals of Blood ilipotoka mwaka 1977, mwandishi yule yule alikuwa Ngũgĩ wa Thiong’o. Profesa Wangari Maathai, baada ya talaka, alitakiwa na aliyekuwa mumewe aache kulitumia jina la Mathai. Hakuliacha, aliongeza herufi a, na jina likawa lake mwenyewe.

Upande wa pili, desturi hupokea mapya bila kufa. Barack Obama alipochaguliwa rais wa Marekani mwezi Novemba 2008, watoto waliozaliwa magharibi mwa Kenya walipewa jina lake. Ukitazama vizuri, ni desturi ile ile ya kumpa mtoto jina la tukio la siku. Tukio tu ndilo limetoka mbali.

Sheria nayo imeingia. Kifungu cha 53(1)(a) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilikuwa kinyume cha Katiba. Kifungu hicho kilizuia jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuandikwa katika sajili, isipokuwa mama na baba waombe kwa pamoja. Kwa maneno mengine, suala la nani atajwe katika jina la mtoto, ambalo zamani liliamuliwa na wazee, siku hizi linaweza kufika kortini. Tumia hoja hii ukiulizwa jinsi taasisi za kisasa zilivyoathiri miviga.

Hapa rudi kwenye jina uliloliandika daftarini. Lilinganishe na lilivyo katika orodha ya usajili wa mtihani, herufi kwa herufi. Jina la nyumbani halitakusaidia siku ya kuchukua cheti. Kama kuna tofauti, mwone mwalimu anayeshughulikia usajili leo. Hili halina alama, lakini ni muhimu kuliko alama tatu za swali (a).

Majina katika matumizi ya lugha

Majina yaliyo katika somo hili ni mazoezi mazuri ya mofolojia. Sijaona lina si- (nafsi ya kwanza umoja katika ukanushi), -ja- (hali timilifu katika ukanushi), -on- (mzizi) na -a (kiishio). Sikudhani lina si-, -ku- (wakati uliopita katika ukanushi) na -dhani, kitenzi chenye asili ya Kiarabu ambacho hakina kiishio -a. Siwatu ni si, kitenzi kishirikishi kipungufu katika hali ya kukanusha, pamoja na nomino watu. Mwanaidi na Mwanajuma ni nomino ambatano. Pendo na subira zimeundwa kutokana na vitenzi penda na subiri. Kumbe baadhi ya majina haya ni sentensi kamili zilizogeuzwa nomino za pekee.

Jambo jingine la kuangalia ni upatanisho. Jina la mtu, hata likitokana na nomino ya ngeli nyingine, huingia katika A-WA. “Shida imeingia nyumbani” na “Shida ameingia nyumbani” ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni ya kusikitikiwa, ya pili ni ya kuandaliwa chakula. Vivyo hivyo “Amani imerudi” na “Amani amerudi”. Katika insha, herufi kubwa pekee haitoshi. Kiambishi cha upatanisho ndicho kinachomwonyesha mtahini kwamba unajua unachokisema.

Maswali ya kudurusu

1. Kwa kurejelea jamii mbili unazozijua, linganisha namna jina la mtoto linavyoteuliwa. (alama 6)

2. “Miviga ya kutoa jina humnufaisha mtoaji kuliko mpokeaji.” Jadili pande zote mbili. (alama 10)

3. Tofautisha lakabu na majazi, kisha utoe mfano mmoja mmoja. (alama 4)

4. Tunga sentensi mbili kubainisha matumizi ya neno “baraka” kama nomino dhahania na kama nomino ya pekee. (alama 2)

5. Changanua maneno yafuatayo kimofolojia: (i) Sikujua (ii) Semeni. (alama 6)

6. Umetumwa nyanjani kukusanya habari kuhusu miviga ya kutoa majina katika kijiji chenu. Eleza mbinu tatu utakazotumia na tatizo moja linaloweza kukukabili katika kila mbinu. (alama 6) Kabla ya kuliandikia swali hili, lifanye kwa vitendo: mwulize mzazi, nyanya au babu ni nani aliyekupa jina lako, na siku hiyo kulikuwa na nini. Akisita kujibu, usimharakishe. Andika kwamba amesita, kwa maana nayo ni data.